Ukungu wa Makusudi: Kuupiga Picha Mwendo wa Viumbe wa Bahari ya Kwale

Kila msimu wa kaskazi, maji yanapotulia na kung'aa kuanzia Diani hadi Shimoni, familia nyingi hurudi kutoka matembezi ya baharini zikiwa na simu zilizojaa picha. Jioni, baada ya chakula, simu hupitishwa mkono hadi mkono, na kazi ya kwanza inayofanywa ni kufuta. Hufutwa picha ya pono aliyegeuka mstari wa kijani, hufutwa ya kasa ambaye mapezi yake yamefifia, hufutwa ya pomboo aliyebaki kivuli kirefu. Husemwa tu, "Hii imetikisika," na hukumu huwa imekwisha kutolewa.

Wiki hii tunapenda kulitazama upya neno hilo. Zipo picha zilizotikisika kwa sababu mkono haukutulia au mwanga haukutosha. Hizo na zifutwe. Lakini zipo nyingine ambazo mpiga picha amezitia ukungu kwa kusudi, akijua anachokifanya, ili mtazamaji auone mwendo wenyewe. Wapigaji picha wa chini ya maji kote duniani huitumia mbinu hii, na vijana wetu wa pwani ya kusini, ambao wamezaliwa mbele ya bahari inayowavuta wageni kutoka mbali, wana kila sababu ya kuijua. Pamoja na ujuzi huo huja masharti, kwa kuwa picha ya kiumbe hai ina haki zake, na kiumbe mwenyewe ana haki zake pia.

Picha ni kipande cha wakati

Tumezoea kudhani kwamba picha husimamisha wakati. Kwa hakika kila picha hukusanya wakati, mfupi au mrefu. Karne nyingi kabla ya kamera kuundwa, mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Misri mnamo 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni mwetu. Alichunguza pia jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuchora sura ya vitu vya nje ndani ya chumba chenye giza. Kamera ya leo, hata iliyo ndani ya simu, ni chumba hicho hicho cha giza kilichofanywa kidogo. Kilichoongezwa ni kitu cha kuupokea mwanga na kuuhifadhi, pamoja na shata, yaani kipazia kinachofunguka na kufungika ili kuamua mwanga uingie kwa muda gani.

Katika picha za mwanzo kamera ilikaa wazi kwa muda mrefu. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris iliyokuwa na pilikapilika za watu na magari ya farasi. Picha ilipotokea, barabara ilionekana tupu. Wote waliokuwa wakitembea walipotea, kwa kuwa hawakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Aliyeonekana ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Picha hiyo inatufunza jambo ambalo ndilo msingi wa mbinu yote tunayoieleza: kilichotulia huandikwa, na kinachokwenda hufifia. Mpiga picha mwenye ujuzi huchagua ni kipi kitulie na ni kipi kififie.

Chini ya maji safari ilianza baadaye. Mfaransa mwingine, Louis Boutan, alipiga picha katika bahari ya Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, na tatizo lake kubwa lilikuwa mwanga. Maji huumeza mwanga upesi mno, na rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea. Ukishuka mita tano tayari wekundu umefifia, na ukifika mita kumi umebaki kidogo sana. Ndiyo maana picha nyingi za kina kirefu huwa za buluu tupu. Maji pia hupinda mwanga, hata kitu kikaonekana karibu zaidi kwa robo ya umbali wake na kikubwa kuliko kilivyo. Anayetaka kupiga picha baharini sharti ayajue haya kwanza, kwa kuwa macho yake yenyewe hayamwambii kweli yote.

Hesabu ya shata

Tuanze na jaribio ambalo msomaji anaweza kulifanya nyumbani leo, pasipo kulowa. Washa feni ya darini iende polepole. Fungua programu ya kamera katika simu yako na utafute sehemu inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata. Simu isiyokuwa na sehemu hiyo huweza kuwekewa programu nyingine ya kamera. Piga picha ya kwanza kwa 1/1000 ya sekunde. Mapanga ya feni yataonekana yamesimama kana kwamba umeme umekatika. Piga ya pili kwa 1/60. Ncha zitaanza kulainika. Piga ya tatu kwa 1/15. Utaona duara la ukungu, na dari nyuma yake imetulia kama ilivyo. Feni ni ile ile na kasi yake ni ile ile. Kilichobadilika ni kipande cha wakati ulichokikata. Sasa jiulize ni ipi kati ya picha hizo tatu inayomwambia mtu kwamba feni inazunguka.

Baharini hesabu ni hiyo hiyo. Kwa samaki wa miamba anayeogelea kwa mwendo wa kawaida, 1/250 ya sekunde humwonyesha wazi, gamba kwa gamba. Kwa 1/60 mkia na mapezi huanza kulainika ilhali mwili ungali wazi. Kati ya 1/30 na 1/15 ndipo penye uwanja mzuri wa mbinu hii. Chini ya hapo, kwa 1/8 au robo ya sekunde, umbo huanza kuyeyuka na kubaki rangi zinazotiririka.

Kila unapouongeza muda mara mbili, mwanga unaoingia huongezeka mara mbili, na picha huelekea kuwa nyeupe. Kwa hiyo mwanga sharti upunguzwe kwa njia nyingine. Kwanza, punguza wepesi wa kamera wa kuhisi mwanga, ile namba ya ISO, hadi chini kabisa, aghalabu 100. Pili, kama kamera yako ina tundu la lenzi linalobadilishwa, lifanye dogo. Chukua mfano: ikiwa picha imekaa sawa kwa 1/125 na tundu la f/8, ukitaka kushuka hadi 1/15 umeuongeza mwanga mara nane takriban, na itakubidi ulipunguze tundu kwa hatua tatu, yaani f/11, f/16, hadi f/22. Simu nyingi hazina uwezo wa kubadilisha tundu, na mwenye simu hana budi kuchagua saa. Asubuhi mapema, jioni jua likielekea kutua, siku ya mawingu, au kivulini mwa mwamba, mwanga huwa umepungua wenyewe.

Njia nne za kuutia mwendo katika picha

Njia ya kwanza ni kumfuatisha kiumbe. Mpiga picha huielekeza kamera kwa samaki anayepita ubavuni, hugeuza kiwiliwili chake kwa kasi ile ile ya samaki, hubonyeza katikati ya mwendo, kisha huendelea kugeuka hata baada ya shata kufungika. Ikiwa kasi mbili hizo zimelingana, samaki hutulia katika picha na miamba nyuma yake hugeuka mistari. Kolekole wanaowinda pembezoni mwa mwamba huifaa sana njia hii, kwa kuwa hupita wamenyooka na kwa kasi isiyobadilika ovyo. Anayekujia uso kwa uso hafai. Lazima apite kutoka upande hadi upande. Katika picha ishirini huenda zikatoka mbili nzuri, na hilo ni jambo la kawaida hata kwa mabingwa.

Njia ya pili ni kinyume chake: kamera hutulia, kiumbe hutulia, na dunia inayowazunguka ndiyo inayokwenda. Mkunga aliyetoa kichwa katika tundu lake hukaa kimya muda mrefu huku samaki wadogo wakimpita. Kasa anayekula nyasi za bahari hutulia kiasi huku nyasi zikilala na kuinuka kwa wimbi. Ukiegemeza kamera mchangani, pasipokuwa na tumbawe wala kiumbe, na kutumia 1/8 ya sekunde, mkunga atabaki mkunga na kila kilichomzunguka kitakuwa mtiririko. Picha ya namna hii huonyesha jambo ambalo picha ya wazi hulificha, nalo ni kwamba chini ya bahari hakuna kilichosimama pasipo kushindana na maji.

Njia ya tatu ni ya flashi. Flashi huwaka kwa muda mfupi mno kuliko shata, na humchora samaki wazi hata kama shata ingali imefunguka. Ukichanganya flashi na shata ya polepole utapata vitu viwili katika picha moja: samaki mwenye rangi zake halisi, zikiwemo zile nyekundu zilizomezwa na maji, na mkia wa ukungu unaoeleza alikotoka. Hapa kuna siri ndogo. Kwa kawaida flashi huwaka mara tu shata inapofunguka, na ukungu huandikwa baada yake. Samaki huonekana kama anarudi kinyumenyume. Kamera nyingi nzuri zina mpangilio wa kuifanya flashi iwake mwishoni, kabla tu ya shata kufungika. Hapo ukungu hubaki nyuma ya samaki, mahali pake panapostahili.

Njia ya nne ni kuizungusha kamera yenyewe kama usukani wakati shata iko wazi, ukimweka kiumbe katikati. Katikati hutulia na pembezoni huzunguka. Hii ni ya kutumiwa kwa kiasi, kama pilipili katika chakula. Ikitumiwa katika kila picha, mtazamaji huchoka.

Katika njia zote hizi, anayepiga mbizi kwa mtungi wa hewa asizuie pumzi kamwe kwa ajili ya kuutuliza mkono. Kuzuia pumzi huku mtu akipanda juu huweza kuyapasua mapafu, na hakuna picha yenye thamani hiyo.

Je, ukungu ni uongo?

Swali hili huulizwa na wazee wetu, na ni swali zuri. Pomboo hana mkia wa moshi, na kolekole hapiti katikati ya mistari. Mbona basi tumwonyeshe hivyo?

Jawabu letu ni kwamba picha ya 1/1000 nayo haionyeshi alichokiona jicho. Hakuna aliyewahi kumwona pomboo amening'inia hewani bila kutikisika, kila tone la maji limesimama pembeni yake kama shanga. Tumezoea tu picha za namna hiyo, tukaziita za kweli. Kila moja hueleza sehemu ya kweli: ile ya kasi hueleza umbo, na ile ya polepole hueleza mwendo. Uongo huingia pale mpiga picha anapodai kwamba picha yake ni kitu ambacho sicho. Siku hizi kompyuta na simu huweza kuongeza ukungu katika picha iliyopigwa wazi, au hata kuunda samaki ambaye hakuwahi kuwepo. Anayefanya hivyo na aseme. Maneno machache chini ya picha, kuhusu mahali, msimu na namna ilivyopigwa, ndiyo amana inayobeba mengine yote.

Hata hivyo ziko nyakati ambapo ukungu, hata uwe mzuri namna gani, humpunja kiumbe haki yake. Mfano ulio karibu nasi ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hupita pwani yetu hasa katika miezi ya kaskazi. Wavuvi humwita pia papa shilingi, na wazee husimulia kwamba madoa meupe ya mgongoni mwake ni sarafu zilizomwagwa juu yake kutoka mbinguni. Sarafu hizo zina kazi kubwa katika elimu ya leo. Mpangilio wa madoa ya kila papa potwe ni wake peke yake, kama alama za vidole vya binadamu. Mwaka 2005 watafiti walichapisha njia ya kuwatambua papa hawa kwa picha, wakitumia hesabu ambayo mwanafalaki wa Marekani, Edward Groth, aliibuni mwaka 1986 kwa ajili ya kulinganisha ramani za nyota. Hesabu iliyopangwa kwa nyota za mbinguni ikafaa kwa nyota za mgongo wa samaki.

Kwa njia hiyo, picha moja ya wazi ya ubavu, sehemu iliyo nyuma ya matamvua, huweza kuonyesha kwamba papa aliyeonekana mahali pamoja ndiye aliyeonekana kwingine miaka iliyopita. Picha ya ukungu haiwezi. Madoa hugeuka mistari, na jina la papa hufutika.

Ni vivyo hivyo kwa pomboo wa Shimoni na Wasini. Watafiti wanaowafuatilia katika eneo la Kisite-Mpunguti huwatambua mmoja mmoja kwa mikato na makovu ya pezi la mgongoni. Picha nyingi za mapezi hayo, zilizokusanywa mwaka baada ya mwaka, ndizo zinazowawezesha kukadiria idadi yao na kujua ni nani anayerudi. Pezi lililofifia halihesabiki.

Kwa sababu hiyo tunawapendekezea vijana wetu kanuni moja nyepesi: ushahidi kwanza, uzuri baadaye. Ukikutana na mnyama adimu, piga picha za wazi kwanza, kwa shata ya kasi, ubavu na pezi. Ukishapata hizo, punguza kasi na uutafute mwendo.

Anayefukuzwa huacha mkia

Eneo la Kisite-Mpunguti ni la sehemu mbili: hifadhi ya Kisite, yenye kilomita za mraba 28, ambamo uvuvi hauruhusiwi kabisa, na hifadhi ya akiba ya Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, ambamo uvuvi wa jadi unaruhusiwa. Husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS. Kutoka gati ya Shimoni, mashua huwapeleka wageni kuwatazama pomboo na matumbawe, na nyumba nyingi za Shimoni, Wasini na Mkwiro hula kutokana na safari hizo. Manahodha, wapishi, waongozaji na wauza vitambaa wote wamo katika mnyororo huo.

Hapa ndipo mambo ya picha yanapogusa riziki. Mgeni mwenye kamera humsukuma nahodha: sogea, karibia zaidi, mfuate huyo. Nahodha anayetaka mgeni aridhike huongeza injini. Mashua ya pili huja, kisha ya tatu, na kundi la pomboo lililokuwa likipumzika au kunyonyesha hulazimika kuzama na kukimbia. Huyo aliyeagiza hupata picha ya mkia unaozama. Jambo hili likirudiwa siku baada ya siku, pomboo huhama mahali wanaposumbuliwa, na riziki ya mashua zote huhama pamoja nao.

Mbinu ya shata ya polepole, kwa tabia yake, haiendi na mbio hizo. Haiwezekani kumfuatisha kiumbe kwa utulivu kutoka kwenye mashua inayoruka juu ya mawimbi, wala haiwezekani kulingana na kasi ya mnyama aliyeshtuka. Inambidi mpiga picha azime haraka yake, akae mahali, na kungoja kiumbe apite kwa mwendo wake mwenyewe. Pomboo asiyefukuzwa mara nyingi huja mwenyewe kuitazama mashua. Nahodha anayelielewa hili anaweza kumwambia mgeni kwa adabu, "Tukizima injini utapata picha bora," na maneno hayo yatakuwa ya kweli kwa pande zote mbili.

Yapo na mengine ya kuchunga. Papa potwe asiguswe wala asizibiwe njia. Huko Ningaloo, Australia, waogeleaji huamriwa wakae mita tatu mbali na mwili wake na mita nne mbali na mkia, na flashi hairuhusiwi. Ni mfano mzuri wa kufuata. Kasa anayepanda ufukweni usiku kutaga, na vifaranga vinavyoshuka majini, wasimulikwe kwa taa wala flashi, kwa kuwa mwanga huwapoteza njia. Na anayepiga mbizi ajue miguu yake ilipo. Mtu aliyezama katika kumfuatisha samaki husahau mapezi aliyoyavaa miguuni, akayapiga matumbawe nyuma yake. Tumbawe la bonge hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Bonge la ukubwa wa meza limekuwa likijengeka tangu enzi za mababu zetu. Matumbawe yetu yameshapata pigo kubwa mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda na mengi ya pwani ya Kenya yakapauka na kufa. Hayahitaji pigo jingine kutoka kwa mwenye kamera.

Kwa asiyeogelea, na kwa akina mama

Huenda msomaji wetu akasema kwamba haya yote ni ya wapiga mbizi, na yeye haogelei. Bahari ya Diani ina mlango mwingine. Wakati wa maji ya bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hukupwa mbali na kuacha vidimbwi kati ya ufuo na mwamba. Mama na watoto wake wanaweza kuvifikia kwa miguu, wamevaa viatu vya kuwakinga na miiba ya fuu, wakiwa wameuliza saa ya maji kujaa kabla hawajaondoka.

Katika kidimbwi hicho, simu iliyofungwa katika mfuko usiopenya maji hushushwa kiganja kimoja tu chini ya uso wa maji. Kabla ya kuuamini mfuko, weka karatasi laini ndani yake badala ya simu, ufunge, uzamishe katika beseni kwa nusu saa, kisha utazame kama karatasi imelowa. Jua pia kwamba kioo cha simu hakisikii kidole chini ya maji. Tumia kitufe cha sauti kupigia picha. Kiti cha pweza, yaani samaki nyota, hutulia vizuri huku nyasi zikicheza juu yake kwa mkondo mdogo. Hiyo ndiyo ile njia ya pili tuliyoieleza, na haihitaji mtungi wala mashua. Kisichotakiwa ni kumwinua kiumbe kutoka mahali pake ili apigwe picha nzuri zaidi.

Jambo la mwisho linawahusu akina mama wenyewe. Katika Kibuyuni na Mkwiro wanawake hulima mwani, wakiingia majini bamvu kwa bamvu kufunga mbegu katika kamba na kuvuna. Wasini, wanawake wa kisiwa huendesha njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe ya kale, na Gazi kuna njia kama hiyo katikati ya mikoko. Kazi zao hupigwa picha na wageni kila mwaka, na si kila mama hupenda uso wake, au nguo zake zilizolowa, zisafiri kwenda asikokujua. Shata ya polepole huweza kuwa stara. Kwa 1/8 ya sekunde, mkono unaofunga mwani hugeuka mwendo, leso hugeuka rangi inayopepea, uso hufifia, na kazi yenyewe hubaki dhahiri. Binti anayeijua mbinu hii anaweza kuieleza dunia bidii ya mamake bila kuiuza sura yake. Hata hivyo, stara hiyo haiondoi wajibu wa kuomba ruhusa. Mama aulizwe kwanza, aonyeshwe picha baadaye, na akisema ifutwe, ifutwe mbele yake.

Likizo za Desemba huangukia katika kaskazi, na ndio wakati ambapo maji ya kusini huwa meupe kuliko miezi ya kusi na masika, mchanga na tope la mito vinapoyachafua. Tunawashauri wazazi wawape watoto zoezi dogo: feni kwanza, kisha paka wa nyumbani au bembea ya uani, na mwishowe kidimbwi cha Diani. Kila mtoto alete picha tatu za kiumbe mmoja, ya kasi, ya wastani na ya polepole, na aandike chini yake mahali, siku na kasi ya shata. Kisha familia ikae pamoja na kuzizungumza, iulizane ni ipi inayomtambulisha kiumbe, ni ipi inayoonyesha anavyoishi, na kama aliachwa salama alipokuwa. Mtoto atakayeweza kulijibu swali hilo la mwisho kwa moyo mweupe amestahili kupewa kamera.